Miaka thelathini naamini mama yake ngamia alikwenda Tanga, mwanangu wa miaka saba kaniumbua

Wakuu, salamu kutoka Sydney.

Ni Jumatatu mchana, niko kwenye treni natoka kazini Ingleburn, na nimevaa miwani ya jua ndani ya behewa. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu ananitazama kwa wasiwasi. Sababu ya miwani mtaijua mkifika chini.

Haya ninayoandika yametokea kweli, tena juzi tu. Najua humu kuna wataalamu wa kunusa chai, yaani stori za kutunga, na ninawaheshimu, lakini hii haina majani wala sukari. Ingekuwa chai, ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye stori yangu mwenyewe.

Kwanza mnijue kidogo.

Naishi Lidcombe na mke wangu Rehema na watoto wawili. Idrisa ana miaka kumi na moja, Zuhura ana saba. Wote wanaelewa Kiswahili vizuri, hasa kikihusu chakula, ila majibu yote yanarudi kwa Kiingereza.

Kazi yangu ni ukalimani. Daktari au ofisa anakaa upande huu, Mkongomani au Mrundi anakaa upande ule, mimi katikati natafsiri. Mwaka wa tisa huu. Kazi yetu ina code of ethics ndefu, lakini ukiikamua yote unabaki na maneno matatu: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Habari ikiwa mbaya unaifikisha ikiwa mbaya vilevile, hata kama mbele yako kuna mtu anayelia.

Wakija interpreters wapya huwa nawapa somo hili kwa sauti nzito, mkono mmoja mfukoni. Shikeni picha hiyo, itawasaidia kunicheka.

Turudi Morogoro nilikokulia.

Mtaani kwetu TV na deki vilikuwa kwa mwalimu mmoja. Kanda zilikuwa tatu tu: moja ya karate, moja ya harusi ya binamu yake mwalimu, na moja ya katuni. Ya harusi tuliijua mpaka nani alikula mara mbili. Ila kipenzi chetu ilikuwa ile katuni, ya ngamia mdogo na mama yake wanaovuka jangwa kutafuta kisima.

Ilikuwa ya Kiingereza. Sisi watoto kama ishirini kwenye mkeka, hakuna aliyejua hata neno.

Mtafsiri alikuwa mjomba wangu Selemani, mdogo wake mama. Aliwahi kufanya kazi ya udobi kwenye hoteli ya watalii Arusha, kwa hiyo mtaa mzima ulimhesabu kuwa mtu wa Kiingereza. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya TV na kifimbo mkononi, anaonyesha huku anasimulia. Yule ngamia mdogo alimwita Athumani. Jina lake la kwenye kanda nimelijua juzi, na sijalipenda.

Kuna sehemu upepo wa mchanga unakuja. Mama anapiga magoti, anamkinga mtoto. Kioo kinakuwa cheusi. Kunakucha, mchanga umelala sawasawa, mama haonekani, imebaki kengele yake tu juu ya mchanga.

Hapo mjomba alisema, na naikumbuka kama dua: "Mama Athumani ameona mtoto kalala fofofo, akaona asimwamshe. Basi la Tanga linaondoka alfajiri. Amekwenda kwa shangazi yake, atarudi na machungwa."

Basi lenyewe hatukuliona. Mjomba alisema limeshapita, tukaridhika.

Mwishoni Athumani anafika kisimani, anainama anywe, na ndani ya maji anatokea ngamia mkubwa mwenye kengele shingoni. Mjomba anagonga kifimbo chini, anasema mama huyo karudi. Mkeka mzima tunapiga makofi. Siku moja niliuliza mbona hana machungwa, nikaambiwa yameibiwa Chalinze.

Wakuu, nimekua na hiyo stori. Nimesoma nayo, nimeoa nayo, nimevuka nayo bahari. Kila Idrisa na Zuhura wakiangalia katuni zao za siku hizi, mimi nilikuwa napita nyuma ya kochi nikihutubia kwamba zamani katuni zilikuwa na maadili. Mama anasafiri, mtoto anavumilia, mama anarudi. Hakuna kifo wala vitisho.

Sasa niwape upande wa pili, na hapa sitanii.

Mama yangu alifariki miezi saba iliyopita. Alianguka asubuhi akifagia uwanja, hospitali hakufika. Mimi nilifika Morogoro siku mbili baada ya mazishi. Watoto niliwaambia naenda kumwona Bibi.

Bibi alikuwa mtu wao. Kila Jumapili video call, anawauliza wamekula nini, wanamwonyesha meno yaliyong'oka. Niliporudi, Jumapili ya kwanza, Zuhura akaja na simu yangu, mbona Bibi hapokei?

Kwenye ndege nilikuwa nimepanga maneno kuanzia tunapaa mpaka tunatua. Mazuri, ya kitaalamu. Nikafungua mdomo, ikatoka "Bibi amesafiri."

Wapi?

"Tanga."

Wakuu, sisi hatuna ndugu Tanga. Mimi mwenyewe sijawahi kulala Tanga hata siku moja. Neno lilitoka lenyewe, na nikaongezea kwamba atarudi na machungwa, ila huko aliko mtandao ni mbovu. Watu wa Tanga mnisamehe.

Rehema alisubiri watoto walale. Tulipobaki wawili akaniambia niwaambie watoto ukweli kabla haujawafikia kwa njia nyingine. Nikasema nitawaambia baada ya mitihani ya Idrisa. Halafu baada ya Idi. Halafu baada ya birthday ya Zuhura. Kazini naambia wageni kabisa kwamba ndugu yao hatapona, tena nikimtazama mtu machoni. Nyumbani nikawa nahesabu sikukuu.

Idrisa aliacha kuuliza mapema, nikadhani amesahau. Zuhura hakuacha. Akaanza kumtumia Bibi voice note kila Jumapili kwenye namba ileile. Zinakaa siku moja, mbili, halafu tick zinakuwa za bluu. Kwake huo ulikuwa ushahidi: Bibi anasikiliza, ila mtandao wa Tanga haumruhusu kujibu.

Nilijua simu ya marehemu ipo kwa mjomba Selemani. Nilijua nani anazigeuza zile tick kuwa bluu. Nikanyamaza, na nikawa nashukuru.

Basi, Jumamosi.

Zuhura alikuwa anasukwa. Anamsuka jirani yetu Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mama mwenye mikono myepesi na msimamo mzito. Kusuka ni masaa matatu, na Zuhura hakai. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nilikuwa nimeitafuta ile katuni mtandaoni wiki nzima, hatimaye nimeipata. Nikatangaza kwamba leo mtaona katuni ya watu.

Idrisa akaichungulia kwenye simu yake, akasema kuna watu wameandika kwamba iliwaharibia utoto. Nikamwambia wazungu hawajui kuvumilia.

Tena nikaongeza mbwembwe. Nikavuta kiti pembeni ya TV, nikachukua mwiko wa Rehema, nikawaambia nitatafsiri kwa Kiswahili ili wajifunze lugha. Mkalimani mwenye cheti, na mwiko.

Nikaanza vizuri. Nikamwita Athumani, wakacheka. Mama Furaha naye akacheka, akasema huko kwao ngamia wangemwita Papa Shingo.

Upepo ukaja. Mama akapiga magoti. Kioo kikawa cheusi, kukakucha.

Ndipo nikamsikia yule ngamia mdogo, kwa Kiingereza ambacho sasa nakielewa na kinanilisha. Anasukuma mchanga kwa pua, anamwambia mama yake aamke. Akasema mara tatu. Kisha akaacha.

Masikio yalielewa. Mdomo ulikuwa bado uko Morogoro, ukaendelea peke yake: "Mama Athumani ameona mtoto kalala fofofo. Basi la Tanga linaondoka alfajiri..."

Zuhura akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, kitana kimening'inia.

"Baba, that's not what he said."

Wakuu, nimewahi kusahihishwa na madaktari. Nimewahi kusahihishwa na wakili. Sijawahi kusahihishwa na mtu ambaye bado nakata mkate wake pembetatu.

Mnadhani nilikubali? Nikabisha. Nikasema haya ni maneno ya juujuu tu, subirini mwisho, mama anarudi.

Mama Furaha hakuacha hata kusuka. Akasema taratibu, "Papa Idrisa, uyu mama alishakufa. Haiko Tanga."

Nikasema tusubiri mwisho.

Mwisho ukafika. Athumani akainama kisimani, akatokea ngamia mkubwa mwenye kengele. Mikono yangu ikaanza yenyewe kupiga makofi. Likatoka kofi moja. Idrisa akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mzee jinsi ya kutumia remote, kwamba yule si mama yake. Ni yeye mwenyewe ndani ya maji. Amekua, na kengele ya mama yake anaivaa yeye.

Mwiko nikaurudisha jikoni.

Maoni ya familia yakatolewa. Idrisa alisema ni nzuri ila ingewekewa onyo kwa watoto wadogo, na wazee. Rehema alisema ni katuni nzuri kuliko zote alizowahi kuona, na hakuwa anaitazama TV aliposema hivyo, alikuwa ananitazama mimi. Mama Furaha alisema mtoto anaweza kubeba msiba, asichoweza kubeba ni kuachwa bila kuambiwa, kwa sababu atakaa anangoja.

Zuhura hakutoa maoni. Kichwa kikakaribia kuisha. Kisha akauliza, akiwa ameangalia mbele, "Baba, is Bibi in Tanga like that?"

Yaani, je, Bibi yuko Tanga kama vile mama yake Athumani alivyo Tanga.

Mnataka kujua nilijibu nini? Nilijibu, "Kaa vizuri, Mama Furaha amalize."

Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu kuliko zote. Ya mwiko nitaicheka mpaka nazeeka, lakini hii hapana.

Jumapili nikampigia mjomba Selemani. Huku ilikuwa alasiri, kwao asubuhi. Nilikuwa nimejitengenezea nadharia moja nzuri sana: kwamba mjomba alijua mama wa ngamia amekufa, akatuonea huruma watoto ishirini kwenye mkeka, akaamua kutulinda. Nikijua mjomba alidanganya kwa upendo, basi na mimi nimedanganya kwa upendo, na kesi inafungwa. Hata kipofu angeona ninachotafuta.

Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba, mimi Kiingereza nilikuwa sijui," akasema. "Nilikuwa najua habari za mashuka na good morning sir. Niliona mama haonekani, nikasema kasafiri. Ningejua kafa, ningewaambia kafa."

Nadharia yangu ikafia hapo.

Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Akaniambia kwamba zile voice note anazipokea. Kila ikiingia anakwenda kukaa uani, anaisikiliza mpaka mwisho, halafu anairudia. Haelewi neno, anashika tu "Bibi" na "Tanga" na "machungwa". Alikuwa anangoja mimi nimtafsirie siku moja, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Akaona sipigi.

Kisha akasema lile ambalo ndilo lililoniletea miwani.

"Mimi nilisema kasafiri kwa sababu sikujua. Wewe unajua. Dada yangu nimemzika kwa mikono hii, mbona wewe bado unamsafirisha?"

Nililia wakuu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, jirani wa chini akapita na mbwa wake akanipa salamu ya haraka. Miezi saba sikuwa nimelia sawasawa. Nadhani nami nilikuwa namngoja kwenye hilo basi.

Nikaingia ndani nikawaita watoto. Rehema akaja akakaa kati yao bila kuitwa.

Sikutafuta maneno ya kitaalamu. Nikasema Bibi alikufa. Nikasema siku, nikasema alikuwa anafagia, nikasema nilipokwenda kule nilikwenda msibani. Nikasema hakuwahi kuwa Tanga na kwamba niliwadanganya kwa sababu niliogopa. Sikuongeza, sikupunguza.

Idrisa akasema alijua tangu siku niliporudi. Nikamuuliza alijuaje. Akasema begi langu halikuwa na ubuyu. Bibi hawezi kuniacha nirudi bila ubuyu wao.

Ameishi nalo miezi saba, mtoto wa miaka kumi na moja, kwa sababu ya begi. Mimi nikidhani amesahau. Nimemwomba radhi na nitamwomba tena.

Zuhura alilia kwa sauti, halafu akawa anakataa. Akasema tick ni za bluu. Kama Bibi amekufa, nani alikuwa anasikiliza? Nikamwambia Babu Selemani, mdogo wake Bibi, ndiye anayeshika ile simu. Akauliza kama Babu alielewa aliyokuwa anasema.

Nikamwambia hapana, Babu hajui Kiingereza. Alikuwa anasikiliza tu.

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Nikajua anataka nimsaidie, nikakaa tayari kutafsiri. Hakunitazama. Akabonyeza, akaisogeza karibu na mdomo, na huyu mtoto ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi tatu za Kiswahili mfululizo tangu azaliwe, akasema:

"Babu, mimi Zuhura. Pole sana. Dada yako alishakufa. Haiko Tanga."

Akatuma.

Kisarufi ni ya Uvira na si ya Morogoro, ameichota kwa Mama Furaha. Kazini ningeisahihisha. Sikugusa kitu.

Tick zikawa za bluu palepale. Mzee alikuwa ameishika simu. Jibu lilikuja dogo, sauti imekwaruza: "Ahsante mjukuu wangu. Nimepoa."

Zuhura akaniuliza nimepoa ni nini, nikamweleza kwamba ndivyo mtu anavyojibu akipewa pole. Akataka kujua kama mimi kuna mtu alishanipa. Rehema akasema bado, kwa sababu Baba hakuwa amemwambia mtu. Basi wakanipa, mmoja mmoja, na nikawa najibu nimepoa, nimepoa, uongo mtupu, lakini huo nadhani unaruhusiwa.

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza ni kwamba kutojua Kiingereza si kosa, mjomba alifanya alichoweza na kanda aliyopewa. Kosa ni mtu kuelewa kila neno halafu akakaa pembeni ya TV na mwiko, anawatangazia wanawe basi ambalo halipo. Kama una mtoto anayengoja mtu asiyerudi, mwambie leo, asije akaambiwa na ngamia.

Treni imekaribia Lidcombe, navua miwani kabla yule mama hajaita usalama.

Kejeli zenu nazipokea zote, za mwiko na za lile kofi moja. Ila nina swali kwa wale wa rika langu mlioiona katuni ile ya ngamia kwenye mikeka mingine, na watafsiri wengine.

Kwenu, yule mama alikwenda wapi?